Eko au MRI ya moyo: familia yenye ukuta wa moyo mnene, nani aanze na kipi

Kwetu tumezaliwa watatu, na siku mama alipoambiwa ukuta wa katikati wa moyo wake una milimita 19 ndo tukajua kumbe kile kifua kinachombana akipanda ngazi hakikuwa gesi wala uzee. Daktari akasema na nyie watoto wote mkapimwe. Haya, tukapime nini sasa? Mabishano yakaanza kwenye grupu la familia, kaka mkubwa anasema twendeni MRI (picha za mwili kwa sumaku) moja kwa moja maana ndo kipimo kikubwa, mdogo wetu anasema eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) inatosha mbona bei yake inaeleweka, na mimi wa katikati nikawa nasoma usiku kama nina mtihani wa taifa. Mimi si daktari, ila nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki za moyo vya kutosha na nimeuliza maswali mpaka manesi wakanizoea, kwahiyo naandika kwa yule ambaye kwao wameambiwa maneno hayohayo na hajui pesa ya kwanza aitoe wapi iende wapi.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe, maana kwa Kiswahili chetu kila kitu ni "moyo mkubwa" au "moyo umetanuka". Kuna moyo uliotanuka kweli, chemba inakuwa pana kama mfuko uliochoka, kuta nyembamba, msukumo dhaifu. Huu wa kwetu ni kinyume chake kabisa: kuta zimenenepa, chemba imekuwa ndogo, na moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Kwenye ripoti wanaandika HCM, kifupi cha hypertrophic cardiomyopathy, yaani ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa. Unarithiwa, mara nyingi kupitia jeni kama MYH7 au MYBPC3, na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu kwa nusu ya kuichukua (jeni jamani, siyo jini, ingawa kuna shangazi yetu alishatafuta mtaalamu wa upande huo). Inakadiriwa mtu mzima mmoja kati ya 500 ana ukuta wa namna hii. Halafu kitu kinachowachanganya wengi: unazaliwa na jeni lakini si lazima uzaliwe na unene, unene unaweza kujitokeza ukibalehe, au ukiwa na miaka 40, ndo maana mtu kupimwa mara moja akaonekana safi haina maana kesi imefungwa.

Sasa damu inaharibikiwa wapi? Sehemu tatu, na hapa ndo utaona kwanini kipimo kimoja hakiwezi kujibu yote. Ya kwanza ni mlangoni, ule ukuta wa katikati umevimba kuelekea njia ya kutokea damu kwenda aota (mshipa mkubwa unaotoka moyoni), na moyo ukisukuma kwa kasi ule ubawa wa vali ya mitrali (kimlango cha upande wa kushoto wa moyo) unavutwa unaenda kugusa ukuta, njia inazibika nusunusu, damu inakwama. Ya pili, moyo haulegei vizuri, nyama ngumu haitaki kupokea damu, presha inarudi nyuma kwenye mapafu ndo unahema ukitembea kidogo tu. Ya tatu ndo niliyokuwa siijui kabisa, kwamba nyama yenyewe ya moyo inakosa damu. Mishipa mikubwa ya moyo inaweza kuwa misafi kabisa, lakini vimishipa vidogo vilivyo ndani ya nyama vimekuwa na kuta nene na tundu dogo, na nyama yenyewe ni nyingi inataka damu nyingi, kwahiyo ukikimbia mahitaji yanapanda na damu haifiki. Mama alishawahi kupimwa mishipa mikubwa hospitali fulani wakasema safi, nenda nyumbani huna tatizo la moyo, akakaa na hayo maumivu miaka mitatu akijiona mwongo. Hakuwa mwongo. Nyama ikikosa damu muda mrefu, sehemu zake zinakufa kidogokidogo zinageuka kovu, na makovu hayo ndo yanayoweza kuvuruga umeme wa moyo.

Twende kwenye eko. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa ile jeli ya baridi, mtu anazungusha kifaa kifuani, nusu saa au zaidi kidogo umemaliza. Ni mawimbi ya sauti tu, hayana mionzi, mjamzito anapimwa, mtoto anapimwa, mwenye chuma mwilini anapimwa, na unaweza kurudia kila baada ya miezi kadhaa bila shida yoyote. Lakini sifa yake kubwa kwa ugonjwa huu siyo bei, ni kwamba inaona damu ikitembea saa hiyohiyo. Dopla inapima kasi ya damu pale mlangoni, halafu hesabu yake ni rahisi mpaka mimi niliyefeli fizikia niliielewa: chukua kasi kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 4. Damu ikipita kwa mita 4 kwa sekunde, 4 mara 4 ni 16, mara 4 ni 64, maana yake kuna tofauti ya presha ya milimita za zebaki 64 kati ya ndani ya chemba na nje ya mlango. Kuanzia 30 wanasema kuna mkwamo, kuanzia 50 na mtu ana dalili ambazo dawa zimeshindwa ndo wanaanza kuongelea upasuaji wa kupunguza ukuta au kuchoma kipande cha nyama kwa spiriti kupitia mrija.

Ila sikiliza hapa, hii ndo sehemu watu wanapigwa. Mkwamo huu siyo kitu cha kudumu kama bomba lenye kutu, unapanda na kushuka kutokana na umekunywa maji kiasi gani, umesimama au umelala, umekula sasahivi au la. Takriban theluthi moja ya wagonjwa wanao hata wakiwa wametulia, theluthi nyingine unatokea tu wakichokozwa (mfano kwa kubana pumzi au kusimama), na waliobaki hawana. Eko ya kwanza ya mama alipimwa amelala kimya, ikaandikwa 18, hakuna mkwamo, kwaheri. Ya pili, sehemu nyingine, yule dada wa eko akamwambia mama bana pumzi sukuma kama uko chooni na choo kigumu (mama akacheka kwanza ikabidi waanze upya), halafu akamsimamisha, namba ikaruka mpaka 70. Moyo uleule, tofauti ya wiki tatu. Kwahiyo ukienda eko uliza kwa adabu kabisa, dada au kaka, tutapima na kubana pumzi na kusimama? Kama ripoti haisemi chochote kuhusu hilo, hiyo eko kwa ugonjwa huu ni nusu eko.

Kwenye jambo hili la mkwamo MRI haifui dafu. Umelala ndani ya tundu, huwezi kusimama, picha nyingi zinatengenezwa kwa kukusanya mapigo kadhaa pamoja siyo pigo moja la saa hiyo, na kasi ya damu inayopita kwenye njia nyembamba yenye vurugu huwa inasomeka chini kuliko ilivyo. Kaka yangu hakutaka kuamini kwamba mashine ya gharama vile inaweza kushindwa na kile kimashine cha kusukuma kwa magurudumu, lakini ndo hivo.

Kabla sijahamia MRI, kuna mtego mmoja wa eko lazima niuseme, nao ni EF. Ile asilimia ya damu inayotoka kila pigo. Mama ripoti yake iliandika EF 72, tukashangilia kwenye grupu, mtu akaweka na emoji za ngoma. Sasa fikiria hivi: moyo wa kawaida unajaa mililita 120, unabakiza 48, umetoa 72, EF ni 60. Moyo wenye kuta nene chemba yake ndogo, unajaa mililita 70 tu, unabakiza 20, umetoa 50, EF ni 71. Nani ametoa damu nyingi? Yule mwenye 60. Namba kubwa hapa siyo afya, ni chemba ndogo inayojikamua. Na kwa ugonjwa huu EF ikishuka chini ya 50 usiseme "si mbaya sana", hiyo ni dalili kwamba nyama imeanza kuchoka na kugeuka makovu. Eko za kisasa zinapima pia streni, yaani nyama inajifupisha kiasi gani, na mara nyingi streni inaonyesha udhoofu wakati EF bado inajidai 70. Ombeni streni kama mashine inayo.

MRI sasa. Hii nguvu yake ni nyama. Eko inategemea kupata dirisha kati ya mbavu na mapafu, mtu mnene au mwenye mapafu yaliyojaa hewa picha inakuwa ukungu, na ncha ya chini ya moyo ndo inayopotea mara nyingi. MRI haijali mambo hayo, inakata moyo vipande kuanzia juu mpaka nchani kama mkate, unapima kila kipande. Na kuna aina ya ugonjwa huu ambapo unene uko nchani tu, Wajapani ndo walioielezea vizuri miaka ya 1970, eko inaweza kuipita kabisa ikaandika moyo safi. Kidokezo chake huwa kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), yale mawimbi yanayoitwa T yanakuwa yamegeuka chini na ni marefu kweli. Ndo maana nasema ECG usiiruke hata kama ni ya bei ndogo kiasi unaidharau, kwa wengi wenye ugonjwa huu haitoki ya kawaida.

Kwa huku kwetu kuna sababu ya ziada. Kuna ugonjwa mwingine ambao si wa kurithi, utando wa ndani wa moyo unageuka kovu na kuziba ncha, madaktari wa Kampala waliuandika miaka ya 1940 na bado upo ukanda huu. Kwenye eko ncha iliyoziba kwa kovu na ncha iliyonenepa nyama zinaweza kufanana, na matibabu ni tofauti kabisa. MRI inazitenganisha.

Halafu makovu. Wanakuchoma dawa inaitwa gadoliniamu, wanasubiri kama dakika kumi, kwenye nyama nzima inapita na kuondoka ila kwenye kovu inabaki, kwahiyo kovu linang'aa jeupe kwenye picha. Eko ya kawaida hii haina kabisa. Makovu yakifika kama asilimia 15 ya nyama yote ya chemba ya kushoto, hatari ya kifo cha ghafla inahesabiwa imepanda, na hiyo inaweza kuamua kama mtu awekewe kile kifaa cha kushtua moyo chini ya ngozi au la. Si makovu peke yake, wanaangalia pia unene ukifika milimita 30, kuzimia kusikoeleweka, ndugu aliyekufa ghafla, na mapigo ya vurugu kwenye kile kipimo cha kuvaa siku nzima. Na ukitaka kujua damu inafikaje ndani ya nyama, wanaweza kukupa adenosini, mishipa inapanuka, wanaangalia ni sehemu gani ya nyama inachelewa kupata damu. Kwa mama hapo ndo maumivu yake yalipopata jina. PET (skani inayotumia dawa yenye mionzi) inapima jambo hilohilo kwa namba kamili, mililita kwa dakika kwa kila gramu ya nyama, ila ina mionzi na kwa familia ya kawaida inayochagua pa kuanzia siiweki hata mezani.

Ubaya wa MRI? Muda, dakika 45 mpaka saa nzima. Kelele kama uko ndani ya pipa linalogongwa nyundo. Unaambiwa shika pumzi, achia, shika, mara nyingi mpaka unachoka, na mwenye kuhema sana au mapigo yasiyo na mpangilio picha zake zinatoka zimetikisika. Mwenye hofu ya sehemu za kubana aseme mapema. Mwenye pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) lazima waangalie aina yake kwanza, na hata inayoruhusiwa inaweza kutia kivuli kwenye picha. Figo mbovu sana, gadoliniamu inahitaji uangalifu. Mjamzito, hiyo sindano wanaikwepa. Mtoto mdogo huenda akahitaji kulazwa usingizi. Na bei, jamani, ni mara kadhaa ya eko, uliza bima yako kabla hujapanga foleni maana nyingine zinataka kibali. Na kitu cha muhimu kuliko vyote hivyo: hospitali kuwa na mashine ya MRI siyo sawa na kuwa na MRI ya moyo. Inahitaji programu yake na mtu wa kuisoma, kwahiyo piga simu uulize "mnafanya ya moyo, na sindano ya kuangalia kovu?" siyo "mna MRI?"

Basi sisi tulichagua hivi, wewe ulinganishe na kwenu.

Mimi: ECG safi, ukuta milimita 9, picha ya eko inaonekana yote mpaka nchani. MRI ya nini? Nikaambiwa nirudi eko kila miaka 3 hadi 5, au kabla ya hapo nikipata dalili. Mtoto wa kaka, miaka 13, eko na ECG safi, yeye anarudi kila mwaka au miwili kwasababu ndo umri wa kukua na unene kujitokeza. Jeni ya mama ikipatikana kwa uhakika, mtoto asiyekuwa nayo anaachiwa kabisa hizi safari, kwahiyo kama kipimo cha jeni kinapatikana kwenu aanze mgonjwa siyo mzima.

Kaka mkubwa ndo alikuwa kitendawili. Ana presha ya miaka, ukuta milimita 14 sawasawa pande zote. Kwa mtu asiye na ndugu mgonjwa wanataka 15 ndo waseme HCM, kwa ndugu wa mgonjwa 13 inatosha, sasa yeye ana ndugu mgonjwa na ana presha pia, na presha yenyewe inanenepesha moyo. Hapa eko ishafika mwisho wa uwezo wake, ukirudia mara kumi utapata 14 mara kumi. MRI ikamsaidia: unene sawia, hakuna kovu, vali ya kawaida. Wakaona inaelekea ni presha zaidi, anywe dawa zake kila siku (siyo akikumbuka) halafu wapime tena. Yaani yeye aliyetaka MRI kwa sababu ni kubwa ndo kweli aliyeihitaji, ila kwa sababu nyingine kabisa, na mpaka leo anajisifu.

Mdogo wetu ni mchezaji, siyo wa ligi kuu lakini anacheza kila wiki. Wachezaji wana moyo wao, ukuta unanenepa kidogo kwa mazoezi, na kwa wachezaji weusi unene huo huonekana zaidi. Tofauti ni kwamba moyo wa mazoezi chemba yake nayo inapanuka na inalegea vizuri, wakati HCM chemba inabanwa. Kwake eko ilisoma 12, chemba nzuri, yeye akashavaa viatu. Ila ECG ilikuwa na T zilizogeuka. Sote tunamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka pale Lyon tarehe 26 Juni 2003 kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara na Kolombia, miaka 28, na uchunguzi wa mwili ukaonyesha ugonjwa huuhuu wa misuli ya moyo. Daktari akaandika MRI bila kujadiliana. Nchani kukakutwa milimita 16, kakovu kadogo. Sasahivi amesimama mpira wa ushindani, anavaa kipimo cha mapigo, anatumia beta bloka (dawa ya kupunguza kasi ya moyo) na ananuna. Kama tungefuata hoja yake ya bei tungeishia kwenye ile 12.

Mama alihitaji vyote viwili. Eko ya kuchokoza kwanza kwa ajili ya mkwamo, maana ndo inayoamua dawa na ndo itakayorudiwa kila mara. Hata zile dawa mpya kama mavakamteni, iliyoruhusiwa Marekani 2022, inapunguza nguvu ya msukumo kwa hiyo mtu anafuatiliwa kwa eko, EF ikishuka chini ya 50 wanaisimamisha. Hakuna anayefuatilia dawa kwa MRI kila mwezi. MRI mama alifanya mara moja kwa ajili ya makovu na damu ya ndani ya nyama.

Kama mfuko ni mmoja: ECG na eko ya kuchokoza, kwa mtu anayejua anachotafuta, hata ikibidi usafiri. Weka ya MRI pembeni kwa yule ambaye picha ya eko haionekani vizuri, ECG na eko zinapingana, unene una maelezo mawili, au ugonjwa umeshathibitika na sasa mnapima hatari. Ukienda MRI beba ripoti ya eko na ECG, msomaji akijua swali anatafuta jibu.

Na kama ni ile ya adenosini, mwenye pumu aseme mapema, na wote hakuna chai, kahawa, soda ya kola wala chokoleti tangu siku moja kabla, kafeini inazuia dawa isifanye kazi. Tulimwambia mama mara tatu. Asubuhi ya kipimo tukamkuta jikoni saa kumi na moja na kikombe cha chai ya rangi mkononi, anasema "hii siyo chai, haina maziwa." Kipimo kikasogezwa wiki mbili mbele.